Jak Katarikawe: Dere Aliyechora Ng'ombe Wakipendana (na Kwa Nini Msee wa Cheptais Ataelewa Picha Zake Haraka)

Kama ulilelewa na hadithi za usiku jikoni kwa kukhu au kogo, zile za sungura mjanja na jitu linalokula watu, basi huyu mchoraji ni wako hata kama hujawahi kuskia jina lake.

Jak Katarikawe ni nani? Ni mchoraji wa Uganda aliyeishi Nairobi miaka mingi na kufariki hapo 2018. Alizaliwa Kigezi, ile nchi ya milima iliyo kona ya Uganda karibu na Rwanda. Mwaka wenyewe una kelele kidogo, wengine husema 1938, wengine 1940. Shule hakusoma ya maana. Kazi yake ilikuwa udereva, ndio, dere. Msee aliyeona michoro yake na kumshika mkono ni David Cook, mwalimu wa fasihi pale Makerere. Baadaye Sam Ntiro, mchoraji mkubwa wa Tanzania, akampa mwongozo wa rangi. Cheti hakuna, lakini picha zake zimefika kuta ambazo wenye digrii bado wanaziota. (Sisi tulioacha chuo katikati tunaruhusiwa kufurahia hapo kiasi.)

Sasa picha zenyewe. Jak alipenda ng'ombe kuliko kitu kingine chochote. Si ng'ombe wa kukamuliwa. Hawa wake ni wa bluu, wa zambarau, wa waridi, na wako na macho ya watu. Wanabusiana, wanaoneana wivu, wanaenda harusi. Pembe ndefu za ng'ombe wa Ankole zinajikunja kama mikono inayokumbatia. Rangi zinayeyukiana hadi hujui mnyama ameishia wapi na mlima umeanzia wapi, vile ndoto hukaa ukiamka nusu.

Wazungu walimbandika jina "Chagall wa Afrika", kwa sababu Marc Chagall naye alichora ng'ombe na wapenzi wanaopaa juu ya vijiji. Mimi naona hiyo ni njia ya mkato. Chagall alitoa zake kwa Wayahudi wa kijijini kwao, Jak akatoa zake Kigezi. Na msee wa Mlima Elgon hahitaji Chagall ndio aelewe. Hapa kwetu, uwe Msabaot au Mbukusu, ng'ombe ni mahari. Ukiona ng'ombe jike ameinamisha kichwa na dume linamwangalia kando, unajua hapo kuna mambo ya wazee kuketi na kuhesabu. Hadithi zetu pia zinaongea hivyo hivyo. Fisi ni mlafi wa mtaa, sungura ni yule jamaa wa maneno mengi, linani la Wabukusu na chemosit wa Wakalenjin ni ile hatari ambayo mtoto haambiwi kwa jina lake. Mnyama anabeba aibu ya binadamu ili binadamu acheke bila kukasirika. Jak alichukua hiyo akaipaka rangi ya mafuta.

Na alikuwa msimuliaji. Kila picha ilikuwa na stori yake, na alipenda kuitoa mwenyewe. Hapo ndipo kuna ngori. Picha ikiuzwa, inaenda na fremu. Stori inabaki mdomoni mwa mtu, na mtu akienda, imeenda.

Nairobi, picha zake nyingi zilipitia Gallery Watatu, iliyoanzishwa na wachoraji watatu mwishoni mwa miaka ya 1960, jina likatoka hapo. Miaka ya 1980 Ruth Schaffner aliishika na kuwasukuma sana wachoraji wasiosoma sanaa darasani, Jak akiwa mmoja wao. Ruth alifariki 1996, na baadaye nyumba ikafungwa. Wanunuzi wengi walikuwa wageni, kwa hivyo hesabu mwenyewe picha ziko wapi. Onyesho kubwa la Jak, na kitabu juu, lilifanyika Frankfurt, Ujerumani, 2001. Kisha 2021, Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi anayechora juu ya lubugo, ile nguo ya magome ya mti kutoka Uganda, alipewa ukumbi Royal Academy kule London. Hakuingia peke yake. Alibeba wazee wake: Jak, Sane Wadu, Meek Gichugu, Theresa Musoke, Elimo Njau na Asaph Ng'ethe Macua. Armitage huyo huyo ndiye alianzisha Nairobi Contemporary Art Institute 2020. Ukiwa Nairobi, hiyo ndiyo nyumba ya kuulizia kazi za kizazi hicho.

Lakini nauli ya Nairobi si mchezo, najua. Karibu na nyumbani kuna Makumbusho ya Kitale, iliyofunguliwa 1974, ya vitu vya kale na maisha ya jamii za huku. Na kuna Kakapel, upande wa Teso, kaunti ya Busia. Teremka kutoka Cheptais upande wa Malakisi kisha uulizie. Ni mwamba mkubwa ambao watu tofauti waliuchora kwa zamu, kitambo sana. Wawindaji wa kale waliacha miduara, halafu wafugaji wakaja wakapaka juu yake. Walipaka nini? Ng'ombe. Serikali imeulinda kama mnara wa taifa tangu 2004, kwa hivyo usiguse kwa mkono na usiandike jina la dem wako.

Stori za wale ng'ombe wa Kakapel hakuna anayezijua. Za kogo bado yuko nazo, na simu yako iko na kinasa sauti.