Masika: Jinsi ya kupanda mboga ndani ya gunia na kushona mfuko kwa mkono

Na MWANDISHI WETU

MVUA za masika zinapoanza kunyesha mwezi Machi, wakazi wengi wa mijini hutazama anga wakidhani kwamba msimu huo ni wa wenye mashamba pekee. Dhana hiyo haina msingi. Gunia moja kuukuu, madebe machache ya udongo na nafasi isiyozidi upana wa kiti yatosha kuipatia familia mboga za majani kwa miezi kadhaa. Vilevile, siku ambazo mvua huwafungia watu ndani zaweza kutumiwa kwa kazi ya sindano, ambayo haihitaji cherehani wala umeme.

Shughuli hizi mbili zina uhusiano wa karibu. Gunia la mboga huhitaji kushonwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya wachuuzi wa nafaka, nazo mboga zinazovunwa huhitaji mfuko wa kuzibebea. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuzifanya zote mbili, gharama zake na hatari za kuepuka.

MSIMU WETU SI WA ULAYA

Pakiti nyingi za mbegu kutoka ng'ambo huagiza kwamba mboga zipandwe katika majira ya kuchipua, yaani baada ya baridi kali ya Ulaya kumalizika. Kenya imepitiwa na Ikweta na haina majira hayo. Kinachoamua wakati wa kupanda kwetu ni mvua. Katika sehemu nyingi za nchi, masika huwa kati ya Machi na Mei, nazo mvua za vuli huwa kati ya Oktoba na Desemba. Katika Pwani, masika hukawia kidogo na kuendelea hadi Juni.

Hivyo basi, anayetaka kuvuna mapema aandae gunia na kitalu chake mwishoni mwa Februari. Miche ya sukuma wiki hukaa kitaluni kwa takriban wiki nne kabla ya kuhamishwa. Akingoja mvua ndipo atafute mbegu, atakuwa amepoteza mwezi mzima wa unyevu wa bure.

CHIMBUKO LA BUSTANI ZA GUNIA

Upanzi wa mboga ndani ya magunia ulipata umaarufu katika mitaa ya Nairobi kama vile Kibera na Mathare baada ya ghasia za uchaguzi wa mwishoni mwa 2007 na mapema 2008. Wakati huo, barabara zilifungwa, bei za vyakula zikapanda na watu wengi wakapoteza ajira. Shirika la Ufaransa la Solidarités liliwasaidia wakazi kupata udongo, magunia na miche ili wajikuzie mboga mlangoni mwao. Mnamo 2020, wakati wa janga la korona, Wizara ya Kilimo nayo ilizindua mpango wa kuhimiza bustani milioni moja za jikoni kote nchini.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Gunia la mboga haliiondolei serikali wajibu huo. Hata hivyo, humwezesha mama asiye na shilingi ishirini jioni kuwapikia wanawe kitoweo.

VIFAA NA MATAYARISHO

Chagua gunia lililokuwa na nafaka au viazi. Usitumie kamwe gunia lililobeba kemikali, saruji au mbegu zilizotiwa dawa. Ikiwa lina matundu makubwa au chini limefumuka, lishone kwa shazia na uzi wa nailoni kabla ya kulijaza, kwani likishajaa halishoneki tena.

Kwa gunia la kilo 90, tayarisha madebe matatu ya udongo mzuri wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi na huweza kubeba viini vya maradhi. Tafuta pia nusu debe hivi ya mawe madogo au kokoto, na kopo kubwa lililokatwa pande zote mbili.

Hatua za kujaza ni hizi:

Kwanza, kunja kingo za gunia hadi chini na umwage tabaka la mchanganyiko wa udongo lenye kimo cha kiganja kimoja. Pili, simamisha kopo katikati na ulijaze mawe. Tatu, zungushia kopo udongo hadi kimo chake, kisha livute juu polepole ili mawe yabaki yamesimama kama nguzo. Rudia hatua hizo huku ukiinua kingo za gunia, hadi ubakishe nafasi ya sentimita 10 juu.

Nguzo hiyo ya mawe ndiyo siri ya bustani ya aina hii. Maji yakimwagwa juu hupitia humo na kusambaa pande zote, badala ya kulowesha udongo wa juu pekee na kuacha mizizi ya chini ikiwa mikavu. Wakati wa mvua kubwa, nguzo hiyo hiyo huyatoa maji yaliyozidi ili mizizi isioze.

Liache gunia litulie kwa siku mbili au tatu ukilimwagia maji. Kisha toboa matundu ubavuni, kila moja likiwa umbali wa sentimita 20 kutoka kwa jingine, na uyapange kwa kupishana. Gunia la ukubwa huo hubeba miche 25 hadi 30.

Tahadhari moja husahaulika mara nyingi. Gunia lililojaa udongo uliolowa laweza kupita uzani wa kilo 100. Lisiwekwe kwenye roshani dhaifu au juu ya paa la mabati. Aidha, chagua mahali litakapodumu, kwa sababu kulihamisha baadaye ni vigumu. Mahali hapo pawe na jua kwa saa zisizopungua tano kwa siku.

MBOGA ZA KUCHAGUA

Sukuma wiki na spinachi hufaa ubavuni kwa sababu huchumwa jani baada ya jani kwa miezi mingi. Vitunguu vya majani na dania hupandwa juu. Wasio na subira wapande mchicha, ambao wengine huuita terere, au kunde. Majani ya mboga hizo huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne hivi. Sukuma wiki huanza kuchumwa wiki nne hadi sita baada ya miche kuhamishwa.

Mboga za kienyeji kama vile mnavu au managu, saga, mrenda na kunde ziliwahi kudharauliwa na kuitwa chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta amezitafiti mboga hizi kwa miongo kadhaa, na kazi yake imechangia kuzirejesha katika masoko na meza za Wakenya. Zina madini ya chuma, kalisi na vitamini A kwa wingi, na nyingi huvumilia ukame kuliko kabichi. Zipikwe vyema. Tunda bichi la mnavu lisiliwe, kwani lina sumu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, hushauri kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Gunia moja haliwezi kutosheleza mahitaji hayo kwa familia ya watu watano. Magunia matatu au manne yakipandwa kwa kupishana wiki, sufuria haitakauka.

MAJI NA USALAMA WA CHAKULA

Wakati wa jua kali, gunia huhitaji takriban lita tano za maji kwa siku, asubuhi au jioni. Maji yaliyosuuzia mchele au mboga yafaa. Maji yenye sabuni nyingi au jiki hayafai.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Baadhi ya mboga zinazouzwa mijini hukuzwa kwa majitaka, na mwenye gunia hana faida yoyote ikiwa naye ataiga desturi hiyo. Maji ya mtaro hubeba viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Udongo wa karibu na gereji, barabara kuu au jaa la taka huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto na hayaondoki kwa kuosha wala kupika. Ni heri kununua udongo safi mara moja kuliko kununua dawa kila mwezi.

Vidukari na viwavi huvamia sana sukuma wiki na kunde. Viwavi viokotwe kwa mkono kila asubuhi. Vidukari hupunguzwa kwa kunyunyiza maji yenye sabuni kidogo chini ya majani, au maji ya majani ya mwarobaini yaliyopondwa na kulowekwa usiku kucha. Anayelazimika kutumia dawa ya dukani asome kibandiko chake na azingatie idadi ya siku za kungoja kabla ya kuchuma.

SINDANO WAKATI WA KUNGOJA

Kati ya kupanda na kuchuma kuna wiki tatu au zaidi. Huo ndio muda wa sindano.

Kazi ya kushona kwa mkono ina historia ndefu katika Pwani yetu. Mjini Lamu, kofia za vito hushonwa kwa sindano, tundu baada ya tundu, na moja yaweza kuchukua miezi kukamilika. Leso, ambayo jina lake linatokana na Kireno, huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoungana. Mnunuzi ndiye huvikata na kuvipinda. Nacho kitambaa kizito cha pamba kiitwacho marekani kilipata jina hilo kwa sababu kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19.

Mnamo Agosti 28, 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Sheria hiyo ilitaja faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Mnamo 2019, ilitangazwa kwamba marufuku ingefikia pia ile mifuko myepesi iliyofanana na kitambaa. Tangu hapo, mfuko wa kitambaa umekuwa na nafasi yake sokoni.

JINSI YA KUSHONA MFUKO

Tafuta kitambaa kigumu cha marekani, leso kuukuu au suruali ya mtumba isiyovaliwa tena. Kifue kwanza ili kinywee kabla ya kushonwa.

Kata kipande cha urefu wa sentimita 90 na upana wa sentimita 40, na vipande viwili vya vishikio, kila kimoja sentimita 60 kwa 10. Kikunje kipande kikubwa katikati, upande mzuri ukiwa ndani. Piga bandi pande mbili kwanza ili kitambaa kisiteleze. Kisha shona kwa mshono wa kurudi nyuma, ambapo kila hatua ya sindano huanzia nyuma ya ile iliyotangulia. Mshono huo ndio unaohimili uzani. Acha sentimita moja ukingoni.

Kunja mdomo wa mfuko sentimita moja, kisha sentimita tatu, na ushone upindo. Vishikio vikunjwe mara nne kwa upana na kushonwa, kisha vishikizwe ndani ya upindo kwa mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Mfuko hukatikia hapo zaidi ya mahali pengine popote. Tumia uzi uliokunjwa mara mbili, usiozidi urefu wa mkono, kwani uzi mrefu hujifunga mafundo. Vaa subana kidoleni. Ukigeuza mfuko utapata upana wa sentimita 38 na kimo cha sentimita 41 hivi.

Mabaki ya kitambaa yasitupwe. Hutosha kushona vishikio vya sufuria, viraka vya sare za shule au foronya za viraka. Sare iliyowekewa kiraka leo humwepushia mzazi gharama ya sare mpya kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

JE, KUNA PATO?

Ni vyema kusema ukweli. Mfuko wa mkono hauwezi kushindana kwa bei na wa kiwandani. Tuseme kitambaa na uzi vimegharimu Sh120, na kazi imechukua saa tatu. Ukiuuza mfuko Sh200, umejilipa chini ya Sh27 kwa saa. Anayetaka faida hana budi kuuza kile ambacho mashine haitoi, kama vile kutarizi jina, kutumia leso yenye pambo la pekee, au kushona kwa kipimo cha mteja. Wanachama wa chama wanaweza kununua kitambaa kwa jora ili kupunguza gharama.

Kwa wengi, faida ya kweli ni ile pesa isiyotoka mfukoni. Familia iliyokuwa ikinunua mboga kila jioni ihesabu ilichotumia kwa mwezi mmoja kabla ya kupanda, kisha ilinganishe na mwezi wa pili baada ya kuanza kuchuma. Tofauti hiyo ndiyo mshahara wa gunia.

Masika yakiisha mwezi Mei, usiling'oe gunia. Ongeza samadi kidogo juu, endelea kulimwagia maji, na uache mche mmoja wa mnavu au mchicha uzae mbegu. Zikaushe kivulini na uzihifadhi ndani ya kifuko kidogo cha kitambaa ulichokishona mwenyewe. Vuli itakapowadia mwezi Oktoba, hutahitaji kununua mbegu za mboga hizo.