Komm, süßer Tod: Filamu ya Austria ambapo ambulensi zinawindana na maiti zinaongezeka

Umechoka na wale madetective wa TV wanaoangalia tu jivu la sigara na kujua nani ameua? Basi kutana na Simon Brenner. Huyu ni karao wa zamani ambaye sasa anaendesha ambulensi jijini Vienna, na kitu anataka maishani ni kuachwa tu apumzike.

"Komm, süßer Tod", yaani "Njoo, kifo kitamu", ilitoka 2000. Dairekta ni Wolfgang Murnberger na Brenner ni mchekeshaji Josef Hader. Hao wawili waliiandika pamoja na Wolf Haas, msee aliyetoa riwaya yenyewe 1998.

Ngori iko hivi. Brenner ameajiriwa na Kreuzretter, na wapinzani wao ni Rettungsbund. Hizi kampuni mbili za kubuni zinafukuzia wagonjwa vile makanga hufukuzia abiria: anayefika kwanza ndiye anakubeba. Mdosi anashuku wale wengine wanasikiza redio yao kisiri, so anamsukumia Brenner kazi ya kupeleleza. Brenner hataki. Anayetaka sana ni Berti, kijana wa kazi anayejiona tayari ni detective.

Halafu watu wanaanza kudedi, na inabidi ujiulize nani anafaidika mzee mwenye mali akikufa. Hapo ndipo kicheko kinakukwama kooni, juu wanaoshukiwa ndio wale wale unaowapigia simu ukizidiwa. Kwa barabara wewe ni mgonjwa, kwa ofisi wewe ni doh. Simalizii, utajionea.

Brenner mwenyewe hana akili za Sherlock. Anachelewa kushika rada, na kwa vitabu vya Haas kichwa humuuma vibaya. Pia ana kamchezo ka kupiga mluzi wimbo bila kujua, kumbe maneno ya huo wimbo yanahusu kesi. Jina la filamu limetoka hapo: ni wimbo wa dini wa Bach. (Ngoma za filamu ni za Sofa Surfers, na ziko fiti.)

Zaidi ya watu 200,000 waliitazama kwa kumbi za Austria, nchi ndogo hivyo. Hader alirudi kama Brenner kwa "Silentium" (2004), "Der Knochenmann" (2009) na "Das ewige Leben" (2015). Anza na hii ya kwanza, lakini tafuta yenye sabtaito. Hata kama ulisoma Kijerumani shule, hiki ni cha mtaani Vienna.