BUJORA NA SUALA LA KULINDA LUGHA: MAFUNZO KWA MAKADA

Kila mara suala la lugha za makabila linapozuka katika madarasa ya itikadi, hujitokeza kambi mbili. Kambi ya kwanza husema kwamba kumfundisha mtoto Kisukuma, Kihaya au Kikerewe ni kufufua ukabila ambao TANU na ASP ziliupiga vita. Kambi ya pili hulalamika kwamba Kiswahili kimezimeza lugha za wazee wetu, na hudai zirudishwe mahali pake. Kwa maoni yetu kambi zote mbili zinakosea, na kosa lao ni moja: zinadhani kwamba lugha hulindwa kwa kuzuiwa isikutane na lugha nyingine. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa kutumia historia ya Bujora na ya jirani yake Ukerewe, kwamba lugha hulindwa kwa kutumiwa na umma, na kwamba lugha ya taifa na lugha za jamii zinahitajiana kama shamba na ghala.

1. Bujora ni nini?

Bujora ipo Kisesa, mwendo mfupi kutoka mjini Mwanza kwa barabara iendayo Musoma. Hapo, katika miaka ya 1950, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianza kukusanya vitu vya jadi kwa kushirikiana na wazee wa Kisukuma. Kanisa lilijengwa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na kando yake ikakua Makumbusho ya Wasukuma. Humo zimo ngoma za watemi, zana za wahunzi, vifaa vya waganga na vyombo vya vyama vya ngoma. Sheria ilipofuta utemi mwaka 1963, makumbusho hayo yakazidi kuwa na maana, kwani yaliyokuwa mali ya ukoo mmoja yakawa somo la watu wote.

Ni lazima tuwe wakweli. Padre Clement alifanya kazi ile kwa ajili ya dini yake. Wamisionari wengi waliomtangulia walizihesabu ngoma zetu kuwa ushenzi. Yeye aliona kwamba neno la dini halitaingia moyoni mwa Msukuma lisipovaa nguo ya Kisukuma. Mwanamapinduzi hapimi kazi kwa nia ya aliyeianza tu, bali pia kwa matumizi ambayo umma umeipa. Na umma umeipa Bujora matumizi mapana kuliko kanisa. Kamati ya utafiti ya hapo imekusanya methali, misemo na hadithi za Kisukuma ambazo zingekwenda kaburini pamoja na wazee.

Tutazame hasa sherehe za Bulabo, zinazofanyika kila mwaka mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi. Vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagalu na Bagika, hushindana uwanjani. Jadi inasema vilianzishwa na waganga wawili waliokuwa wapinzani, Gumha na Ngika. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Katika mashindano ya namna hiyo manju hawezi kutegemea maneno ya babu yake peke yake. Lazima atunge jipya, aguse jambo ambalo watu wanaliishi, ama sivyo watamwacha na kuhamia kwa mwenzake. Hapa lugha inalindwa na watu elfu waliosimama juani, na kila mmoja wao ni mhakiki.

Na ni Kisukuma kipi kinacholindwa? Neno sukuma maana yake ni upande wa kaskazini. Kusini ni dakama, mashariki ni kiiya, magharibi ni ng'weli, na kila upande una lafudhi na maneno yake. Sauti zake za irabu ni saba, ilhali herufi tulizozoea katika Kiswahili ni tano. Mtu akiuliza ni upande upi wenye Kisukuma safi, hatapata jibu, na hapana manju aliyengoja jibu hilo ndipo atunge wimbo.

2. Hatari ya kutafuta usafi

Wapo waliolitafuta jibu la namna hiyo mahali pengine duniani, na historia yao inatufundisha. Katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, mwalimu na mwandishi Cumaratunga Munidasa alianzisha mwaka 1941 chama cha waandishi kilichoitwa Hela Havula. Ceylon ilikuwa chini ya Waingereza, na Kiingereza ndicho kilichokuwa ngazi ya kupandia vyeo. Cumaratunga na wenzake walitaka lugha ya Kisinhala irudishiwe heshima yake. Mpaka hapo walikuwa wapiganaji wa utamaduni kama sisi. Lakini walikwenda mbali zaidi: walitaka Kisinhala kiondolewe maneno yaliyotoka Kisanskriti na Kipali, ili kibaki kile walichokiita Hela halisi. Walifanya kazi kubwa ya sarufi na ushairi, ila lugha waliyoisafisha haikuwa ile inayosemwa sokoni.

Cumaratunga alifariki mwaka 1944. Mwaka 1956 serikali ya nchi huru ilipitisha sheria ya kukifanya Kisinhala kuwa lugha pekee ya kiserikali, na wananchi wasemao Kitamil wakajiona wametupwa nje ya nyumba yao wenyewe. Hatusemi kwamba Hela Havula ndiyo iliyoleta sheria ile, wala vita vilivyowaka mwaka 1983 na kuzimika mwaka 2009. Mambo hayo yalikuwa na mizizi mingi. Tunasema kwamba chama cha siasa kinapogeuza usafi wa lugha kuwa kipimo cha uraia, lugha inaacha kuwa daraja na kuwa ukuta.

3. UKUTA na Kiswahili

Neno ukuta linatukumbusha chombo chetu wenyewe. Mwaka 1959, kabla ya Uhuru, washairi walianzisha Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi, kikajulikana kwa kifupi kama UKUTA. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Mathias Mnyampala, na miongoni mwa vinara wa ushairi wa wakati ule alikuwa Kaluta Amri Abedi, aliyetoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Kada akumbuke asili ya watu hawa. Mnyampala alikuwa Mgogo. Amri Abedi alikuwa mtu wa Ujiji. Watu wa bara, siyo wa mwambao tu, ndio waliojitwisha kazi ya kukisanifu Kiswahili. Tena Mnyampala huyo huyo aliandika historia, mila na desturi za Wagogo. Hakuona mgongano kati ya kazi hizo mbili, na baada ya Azimio la Arusha akazitumia ngonjera kueneza siasa ya Ujamaa mashuleni.

Kiswahili kilistahili kulindwa kwa sababu kilikuwa silaha ya ukombozi. Hapa Usukumani, TANU ilizuiwa na wakoloni kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Chama kilipowaunganisha wakulima wa pamba wa Usukumani na makuli wa Dar es Salaam, lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria.

Lakini je, Kiswahili kilikua kwa kujisafisha? La. Kilikua kwa kukopa nyumbani. Makazi ya Rais wetu yanaitwa Ikulu, na neno hilo limetoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Ni makazi ya mtemi. Ngoma za enzi zilizomo Bujora zilipigwa katika ikulu za namna hiyo. Mwalimu alipoondoka madarakani mwaka 1985, taifa zima lilijifunza kusema kung'atuka, neno la Kizanaki. Bila ghala hilo tungekuwa tunaazima kila neno kwa wakubwa wa dunia.

4. Funzo la Ukerewe

Ng'ambo ya Ghuba ya Speke, katika kisiwa cha Ukerewe, aliishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Kwa hofu kwamba vijana watasahau maisha ya wazee wao, aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Myombekere na mkewe Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Humo mna kilimo, uvuvi, ugonjwa, uganga, uchumba na adabu za ukweni. Hakupatikana mchapaji wa kitabu kikubwa katika lugha ya kisiwa kimoja. Miaka ikapita, na mwandiko ukabaki nyumbani.

Hatimaye mzee mwenyewe alikitafsiri kitabu chake kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mwaka 1981 akafariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Baadaye Gabriel Ruhumbika, mwandishi na mwana wa Ukerewe, alikitafsiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe, kikatoka mwaka 2002.

Kisa hiki kinatoa hukumu kwa kambi zote mbili. Anayesema Kiswahili ni adui wa lugha za jamii ajibu: ni lugha gani iliyokiokoa kitabu cha Kitereza? Na anayesema lugha za jamii ni ukabila ajibu: bila Kikerewe, Kiswahili kingeipata wapi riwaya hiyo?

5. Tujisahihishe

Mwaka 1962 Mwalimu alitupa kijitabu Tujisahihishe, na katika jambo hili tunayo ya kusahihisha. Hofu ya ukabila ilikuwa ya haki katika taifa changa, na umoja tulionao ni matunda yake. Hata hivyo hofu hiyo ilituchelewesha. Lugha za jamii zilikosa nafasi mashuleni na redioni, na baadhi yetu tuliwacheka vijana kwa lafudhi za kwao. Mtu aliyekwisha kuona aibu kwa lugha ya mama yake ni rahisi kumfundisha aone aibu kwa Kiswahili pia, na akishafika hapo Kiingereza kinamngoja mlangoni. Kasumba ni moja.

Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilirekebisha mwelekeo kwa kuzitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa na chimbuko la kukuza Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa mwaka 2009 atlasi ya lugha za Tanzania. Mwaka 2010 mtafiti Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa cha nyimbo za kazi za Wasukuma. Tujiulize kwa nini kazi ya namna hiyo ingoje mgeni, wakati kila tawi la Chama lina wazee wanaozijua nyimbo hizo.

6. Wajibu wetu

Kwanza, kada asimkataze mwananchi kuimba, kusimulia au kuandika kwa lugha yake. Apinge tu pale lugha inapotumiwa kumbagua mwenzake. Pili, kila mwanafunzi anayekwenda likizo arudi na maneno na methali alizoziandika kutoka kwa wazee, pamoja na maana zake kwa Kiswahili. Tatu, tunapohitaji neno jipya la sayansi au utawala, tuulize kwanza katika ghala letu kabla ya kubisha hodi kwa jirani. Nne, viongozi wahudhurie Bulabo na ngoma nyingine kama wanafunzi, si kama wageni wa heshima wanaotazama saa.

Ghala lisilofunguliwa huliwa na panya, na shamba lisilo na ghala hukosa mbegu msimu ujao. Wazee walio nayo mbegu hiyo hawatungoji. Kazi hii ianze katika matawi yetu sasa, wangali hai.