Kuitazama Nuru Ndani ya Fuwele

Nchini Tanzania na Kenya hupatikana kipepeo mweusi mwenye ukanda wa samawati-kijani ambaye Linnaeus alimpa jina la Papilio nireus mwaka 1758. Mwaka 2005 Pete Vukusic na Ian Hooper wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba magamba ya bawa lake yana fuwele ya fotoni, yaani maada yenye matundu yanayojirudia kwa umbali mdogo kuliko urefu wa wimbi la nuru, ambayo huizuia nuru ya rangi fulani isitawanyike kandokando, huku tabaka lililo chini yake likiirudisha juu. Nadharia ya fuwele hizo Eli Yablonovitch na Sajeev John waliitoa mwaka 1987 tu. Bawa lilikuwa limetangulia mbali.

Hadubini ya elektroni huonyesha matundu, lakini haionyeshi nuru inapita wapi, na hilo ndilo lililokuwa swali gumu zaidi. Ernst Abbe alikwisha kubainisha mwaka 1873 kwamba lenzi haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko takriban nusu ya urefu wa wimbi. Mwaka 1928 Edward Synge wa Ireland alipendekeza njia ya kukikwepa kikwazo hicho, nayo ni kupitisha nuru katika tundu dogo mno lililosogezwa karibu kabisa na kitu kinachochunguzwa, kwa kuwa sehemu ya nuru hung'ang'ania uso wa kitu na kufifia kabla ya kufika mbali. Wazo hilo zuri lilisubiri ufundi: Ash na Nicholls walilithibitisha London mwaka 1972 kwa mawimbi ya sentimita 3, na Dieter Pohl na wenzake wakalitimiza kwa nuru inayoonekana huko Uswisi mwaka 1984.

Mwaka uleule wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, na washirika wao walitumia njia hiyo: walipitisha ncha ya uzi wa kioo juu ya fuwele ya fotoni iliyotengenezwa na binadamu, wakafuatilia mapigo mafupi ya leza yakisafiri ndani yake, na wakaona umbo moja la nuru likitulia mahali pamoja kwa angalau pikosekunde 3, muda ambao katika ombwe nuru ingekwenda karibu milimita moja.