Karani wa Mtawala: Riwaya Mbili na Historia ya Bungoma

Imekuwa desturi ya wahakiki wetu, wanapoichambua riwaya ya kisiasa, kumsimamisha mtawala mwovu katikati ya uwanja na kumhesabia makosa yake moja baada ya jingine. Uhakiki wa namna hiyo una manufaa yake, lakini huacha swali moja zito bila kuguswa. Mwandishi wa makala haya aliulizwa swali hilo na mwanafunzi alipokuwa akifundisha shule ya sekondari huko Bumula, kabla ya kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili. Tulikuwa tukisoma Kidagaa Kimemwozea, na tulikuwa tumekwisha kuorodhesha ubaoni maovu yote ya Mtemi Nasaba Bora. Mwanafunzi akauliza: "Mwalimu, na yule aliyemwandikia Mtemi zile hati za ardhi, yeye alikuwa nani?" Nilimjibu kwamba swali hilo haliwezi kutoka katika mtihani.

Jibu hilo lilikuwa baya. Mtawala hadhulumu peke yake. Sharti pawepo mtu wa kumwandikia hati, wa kumtafutia siri za wapinzani, wa kumtungia hotuba, na wa kunyamaza. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba riwaya zilizo bora juu ya utawala, za Marekani na za kwetu, humtwika wajibu wa kimaadili mtu huyu wa pili, na kwamba historia ya Bungoma yenyewe imewahi kuliuliza swali lilo hilo.

Tuanze na Marekani. Mwaka 1946 Robert Penn Warren alichapisha riwaya yake All the King's Men, ambayo ilimpatia tuzo ya Pulitzer mwaka 1947. Ndani yake tunamwona Willie Stark, mtu wa shamba anayepanda hadi kuwa gavana wa jimbo la kusini. Wasomaji wengi walimwona humo Huey Long, aliyekuwa gavana wa Louisiana kuanzia 1928 hadi 1932, kisha seneta, na aliyepigwa risasi katika jengo la bunge la jimbo huko Baton Rouge mnamo Septemba 1935. Long aliwajengea wananchi barabara na kuwapa watoto wa shule vitabu vya bure. Papo hapo aliwakandamiza wapinzani na kuitumia serikali ya jimbo kana kwamba ni mali yake. Warren hakuyasikia haya kwa mbali. Tangu 1934 alikuwa akifundisha katika chuo kikuu cha jimbo hilo hilo, chuo ambacho Long alikipenda na kukipatia fedha. Yaani mwandishi mwenyewe alikuwa akila katika ghala la mtawala.

Yafaa kulikumbuka jambo hili tunapomtazama msimulizi wa riwaya, Jack Burden. Huyu ni mtu aliyesomea historia, na kazi yake kwa gavana ni kufukua yaliyozikwa. Anatumwa amtafutie Jaji Irwin kosa, naye anachimba hadi anaipata rushwa ya zamani. Hakusingizia neno, kila alichokipata ni kweli. Hata hivyo, anapomkabili jaji kwa ukweli huo, jaji anajiua, na baadaye Burden anaambiwa kwamba marehemu ndiye aliyekuwa baba yake mzazi. Muda wote Burden alikuwa akijiliwaza kwamba yeye ni mtu wa kutumwa tu. Warren anamnyang'anya kisingizio hicho. Ukweli unaochimbwa kwa ajili ya kumtishia mtu una mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyeuchimba pamoja na yule aliyemtuma.

Turudi sasa nyumbani. Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, alizaliwa Baraki katika Bungoma na kukulia upande wa Kitale. Baadaye alisoma na kufundisha Marekani. Kidagaa Kimemwozea, iliyotoka mwaka 2012, ilisomwa kwa miaka kadhaa kama kitabu cha lazima katika shule zetu. Mtemi wake ni mporaji wa ardhi kwa hati za udanganyifu. Kijana aliyekulia karibu na Kitale hakuhitaji kwenda mbali kutafuta dhamira hiyo. Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na baada ya Uhuru wa 1963 swali la nani amepata shamba gani, na kwa karatasi ipi, limeendelea kuwatia watu uchungu.

Lakini mhusika anayetuhusu zaidi sisi wa vyuoni ni Mwalimu Majisifu, ndugu yake Mtemi. Majisifu ni mwalimu na mwandishi mwenye jina, na jina hilo amelipata kwa kuiba mswada wa kijana Amani na kuuchapisha kama kazi yake. Walibora amewaweka ndugu hao wawili bega kwa bega kwa makusudi. Mmoja ameiba ardhi, mwingine ameiba maneno. Mwizi wa maneno atamkemeaje mwizi wa ardhi, hali naye ana cha mtu nyumbani mwake? Tunaona basi tofauti kati ya riwaya hizi mbili: Burden anaponzwa na ukweli alioutumia vibaya, Majisifu anafungwa mdomo na uongo wake mwenyewe. Wote wawili ni wasomi.

Historia nayo inasemaje? Mnamo Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa. Bunge liliunda kamati ya uchunguzi chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma Mashariki. Taarifa ya kamati ilipoletwa Bungeni mwezi Juni, serikali haikutaka ikubaliwe. Masinde Muliro, mzaliwa wa Bungoma na mwanasiasa wa Kitale, wakati huo alikuwa waziri. Angeweza kusema kama Burden kwamba waziri hufungwa na kauli ya serikali yake. Alipiga kura pamoja na walioitaka taarifa ikubaliwe, na akafutwa kazi. Manaibu waziri wawili, John Keen na Peter Kibisu, walifutwa pamoja naye. Mwangale kwa upande wake aliendelea na siasa na baadaye akawa waziri katika serikali ya Rais Moi. Hatuwataji wawili hawa ili tumtukuze mmoja na kumshutumu mwingine. Twasema tu kwamba mwaka ule karatasi iliwekwa mbele ya watu, na kila mmoja alijua kwamba mkono utakaoinuka ni wake.

Wabukusu walilijua jambo hili kabla ya riwaya kufika kwao. Katika desturi ya khuswala kumuse, baada ya mazishi ya mzee wa heshima, mnenaji hutembea mbele ya watu waliokaa kimya, akisimulia historia ya ukoo na kuwaonya walio hai, wakubwa kwa wadogo. Hakatizwi. Lakini heshima hiyo ni deni: hawezi kuwaonya wengine mtu ambaye mwenendo wake mwenyewe una doa.

Hapana budi sasa kulirudia lile swali la Bumula. Muhula ule ule nilioulizwa, niliketi katika kikao cha kugawa misaada ya karo. Mtu mwenye cheo alinisomea majina, nami nikayaandika. Mwanawe alikuwamo, yatima mmoja wa darasa langu hakuwamo. Nilijua, nikaandika. Nilikuwa nimechaguliwa kuwa karani wa kikao kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri.

Mwanafunzi yule hakujua habari za orodha hiyo. Alitaka tu kumjua mwandishi wa hati, na mwandishi wa hati alikuwa amesimama mbele yake na chaki mkononi.