Santuri ya Kwanza ya Jimmie Rodgers

Wamarekani humwita Jimmie Rodgers baba wa muziki wa kantri. Walakini mtu azisikilizaye zile nyimbo mbili za awali alizorekodi taarikhi 4 Agosti 1927, hali hana habari ya yaliyofuata, atapata taabu kusadiki kwamba sauti ile ya taratibu, yenye haya kidogo, ndiyo iliyokuja kuvuka bahari.

Alikuwa mtu wa Meridian, katika jimbo la Mississippi, umri wake miaka 29, na kazi yake ya zamani ilikuwa ya breki katika treni, hata maradhi ya kifua kikuu yakamdhoofisha, akawa hana budi kutafuta riziki kwa gitaa. Mwaka ule alijiunga na vijana watatu wapiga vyombo, wakawa wakiimba katika redio ya WWNC mjini Asheville, nao walipopata habari kwamba kampuni ya santuri ya Victor inatafuta waimbaji, wakafunga safari kwenda Bristol.

Bristol ni mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia, na mpaka wenyewe wapita katikati ya barabara yake kuu. Huko Ralph Peer, mjumbe wa Victor, alikuwa amepanga orofa katika jengo lililokuwa la kampuni ya kofia. Sauti ilipokewa kwa umeme, ila sahani ya nta ilizungushwa kwa uzani uliokuwa ukiteremka polepole, mfano wa timazi ya saa ya ukutani, ili mwendo usizidi wala usipungue. Na nta ile haikuwa na marudio: ukiipiga kuisikiliza, umekwisha iharibu. Kwa hiyo mwimbaji alikuwa na kama dakika tatu, basi.

Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi, Rodgers na wenziwe wakahasimiana juu ya jina gani litangulie kuandikwa katika santuri. Wale watatu wakajitenga, wakarekodi kwa jina lao. Naye akamwendea Peer, akaomba aimbe peke yake. Husuma ile ya jina, nami siioni kuwa jambo kubwa, ndiyo iliyomsimamisha mbele ya chombo cha kurekodi, peke yake na gitaa lake.

Lakini aimbe nini? Yafaa ifahamike kwamba Peer hakutegemea mshahara wa Victor. Faida yake aliiweka katika haki za nyimbo zenyewe, na kwa sababu hiyo hakuwa na haja na nyimbo za mjini zilizokwisha sajiliwa na wengine, ambazo aghalabu ndizo alizozizoea Rodgers. Ikabidi atoe “The Soldier's Sweetheart”, kisa cha askari aliyekufa vitani na mchumba aliyemwacha, na “Sleep, Baby, Sleep”, wimbo wa kale wa kubembeleza mtoto. Katika huu wa pili ndipo asikikapo akiirusha sauti kutoka kifuani hata kileleni mwa koo na kuirudisha, ile yodeli iliyokuja kuwa alama yake. Akalipwa dola 100 kwa nyimbo zote mbili, akaenda zake.

Santuri ilipotoka mwezi Oktoba iliuzwa kwa kiasi, wala si cha kutangaza. Mtu mwingine angengoja barua. Yeye alikwenda New York bila kualikwa, akampigia simu Peer na kumwarifu kwamba yuko tayari. Na taarikhi 30 Novemba, huko Camden, New Jersey, katika jengo lililokuwa kanisa, akaimba “Blue Yodel”, utungo wenye asili katika bluzi za Wamarekani weusi, ambao watu walizoea kuuita “T for Texas”. Huo ndio uliouzwa kwa malaki.

Alifariki New York mwezi Mei 1933, siku mbili baada ya kurekodi kwa mara ya mwisho. Santuri zake zilifika hata kwa Wakipsigis wa Kenya, nao wakalitamka jina lake Chemirocha. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipokwenda Kapkatet mwaka 1950 na mitambo yake, aliwarekodi wasichana wakimwimbia kwa kinubi, akaandika kwamba Chemirocha huyo walimdhania kiumbe nusu mtu, nusu swala.