Kisiwa Kilichokuwa Kikiuza Mikono

Julai 2020, wakati ndege zimelala na hoteli ziko tupu kwa sababu ya korona, Barbados ilianza kutoa visa ya miezi 12 kwa watu wanaofanya kazi kwa mbali. Iliitwa Welcome Stamp. Mwombaji alitakiwa awe na bima ya afya na athibitishe kwamba mwaka huo atapata angalau dola 50,000 za Kimarekani, kwa kazi ya mwajiri au wateja walio nje ya kisiwa. Ada ya mtu mmoja ilikuwa dola 2,000. Ya familia nzima, 3,000.

Hebu ziangalie tena hizo ada mbili. Mwenza na watoto, wawe wawili au watano, wanaongeza dola 1,000 tu. Hiyo ni bei ya mwenyeji anayetaka uje na watu wako. Sababu yake haijifichi: anayeishi peke yake anaweza kubanana kwenye chumba kimoja na kula mkate, lakini familia inapanga nyumba, inajaza friji, inalipa ada za shule. Serikali haikudai hata kodi ya mapato yao. Ilitaka wakae, watumie.

Ukiijua historia ya kisiwa chenyewe, ukaribisho huu unashangaza kidogo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Wabarbados ndio waliokuwa wakipanga foleni upande wa waombaji.

Kati ya 1904 na 1914, Wamarekani walipokuwa wakichimba mfereji wa Panama, karibu Wabarbados 20,000 walisajiliwa kwa mkataba wa siku 500. Nauli ilikuwa juu ya mwajiri. Lakini mkataba ulimtaka mwanamume mwenye nguvu, basi. Mke na watoto hawakuwemo. Wanawake waliofuata walijitafutia njia wenyewe. Huko Panama vibarua hao walilipwa kwa sarafu za fedha, huku Wamarekani weupe wakilipwa kwa dhahabu.

Mwaka 1956 likaja shirika la London Transport, likaanza kuajiri watu moja kwa moja kisiwani. Serikali ya Barbados iliwakopesha nauli, wairudishe kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara. Wakaenda kuwa makondakta wa mabasi na wafanyakazi wa stesheni. Watoto wengi wakabaki kwa bibi hadi wazazi watakapojipanga. Na walipoitwa, wapo waliosafiri kwa pasipoti ya mzazi, bila ya kwao.

Jambo hilo lilionekana dogo, mpaka lilipokuja kuwa kubwa. Mwaka 2018 Uingereza ilitikiswa na kashfa ya Windrush: watu waliofika wakiwa watoto kutoka visiwa vya Karibea, Barbados ikiwemo, walikuwa wamenyimwa kazi, matibabu na nyumba, na wengine wakafukuzwa nchini kabisa, kwa kukosa karatasi ya kuthibitisha walichokuwa nacho kisheria miaka yote. Kadi za kuwasili, ambazo zingewasaidia baadhi yao, zilikuwa zimeharibiwa na wizara mwaka 2010.

Kwa hiyo Panama na London zilitaka mikono bila familia. Welcome Stamp inataka familia bila mikono, maana visa hiyo si ruhusa ya kuajiriwa kisiwani. Ni kama kinyume kabisa, lakini kuna kitu hakijabadilika. Mwenza na watoto bado wanaingia kwa mgongo wa mtu mmoja mwenye kipato. Fomu inawaita wategemezi, hata kama mwenza huyo ndiye anayeishikilia nyumba. Mshahara huo ukikatika, ni mpango wa nyumba nzima unaoyumba.

Ndiyo maana familia inayoomba visa ya namna hii, popote duniani, isivione vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa kama usumbufu wa makarani. Kila mtoto awe na pasipoti yake. Nakala ya kila kibali na kila muhuri ikae nyumbani, isiachwe kwenye kabati la serikali peke yake. Mzazi ndiye anayejaza fomu leo, lakini miaka 50 baadaye, ni mtoto atakayeulizwa alifikaje.